Nishani iliyotolewa baada ya kifo: baharia Colin Grazier, manowari Petard na askari wa Khedive Ismail

*Baharia kijana wa Uingereza alitunukiwa nishani ya juu kabisa baada ya kufa mwaka 1942. Manowari aliyoitumikia ilifika baadaye katika Bahari ya Hindi, ikashuhudia kufa maji kwa mamia ya askari wa Afrika Mashariki waliotoka Kilindini. Makala haya yanaeleza jinsi nishani za marehemu zinavyotolewa, na kwa nini baadhi ya waliokufa hawakuzipata.*

Tarehe 14 Septemba 1943, gazeti rasmi la serikali ya Uingereza lilitangaza kwamba baharia Colin Grazier, aliyefariki akiwa na umri wa miaka 22, ametunukiwa Msalaba wa George. Afisa wake, Luteni Tony Fasson, aliyekuwa na miaka 29, alitunukiwa nishani hiyohiyo. Wote wawili walikuwa wamekufa takriban miezi 11 kabla ya tangazo hilo, usiku, ndani ya nyambizi ya Ujerumani iliyokuwa ikizama katika Bahari ya Mediterania. Tangazo liliusifu ujasiri wao, lakini halikueleza walikuwa wakitafuta nini ndani ya nyambizi hiyo.

Manowari iliyowapeleka huko iliitwa Petard. Miezi mitano hivi baada ya tangazo, manowari hiyo ilikuwa ikilinda msafara wa meli zilizotoka Kilindini, Mombasa, zikiwa zimebeba askari wa Afrika Mashariki. Mmoja kati ya vyombo vya msafara huo, Khedive Ismail, haukufika safari yake, na watu 1,297 walipoteza maisha.

Kwa wakazi wa Chula, Koyama, Kismayu na pwani yote inayoshuka hadi Lamu na Mombasa, habari hizi si za mbali. Vita hivyo vilipita mbele ya milango yao. Chula na visiwa vingine vya Wabajuni vilikuwa chini ya Italia tangu mwaka 1925, Uingereza ilipoikabidhi Jubaland kwa serikali ya Roma. Vita vilipowadia, pwani moja ya watu wa lugha moja ilikuwa imegawanywa kati ya madola mawili yanayopigana.

Usiku wa tarehe 30 Oktoba 1942

Siku hiyo manowari kadhaa za Uingereza, Petard ikiwa miongoni mwao, zilikuwa zikiiwinda nyambizi ya Ujerumani yenye nambari U-559, kaskazini ya pwani ya Misri. Msako ulidumu kwa saa nyingi. Mabomu ya kulipuka chini ya maji yaliangushwa moja baada ya jingine, hadi nyambizi ikapasuka na kulazimika kuibuka juu, usiku ukiwa umekwisha kuingia.

Mabaharia wa Kijerumani waliiacha nyambizi yao na kujitupa baharini. Kabla ya kuondoka walifungua njia za maji ili izame pamoja na kila kilichokuwamo. Taa za Petard zilimulika chombo kilichokuwa kikilala polepole. Ilikuwa wazi kwamba muda uliobaki ni mfupi.

Fasson na Grazier walivua nguo, wakajitosa na kuogelea hadi kwenye nyambizi. Wakapanda, wakaingia kupitia mnara wake, wakashuka ngazi hadi chumba cha nahodha. Aliyewafuata alikuwa kijana aitwaye Tommy Brown, mwenyeji wa North Shields kaskazini mwa Uingereza. Brown hakuwa hata mwanajeshi kamili. Alikuwa msaidizi katika kantini ya manowari, mtu wa kuuza sigara, chai na vitu vidogo kwa mabaharia. Umri wake ulikuwa miaka 16.

Kazi yao iligawanyika hivi. Fasson na Grazier walikusanya vitabu na karatasi kule chini, gizani, maji yakipanda. Brown alizipokea, akapanda nazo ngazi na kuwapa wenzake waliokuwa katika mashua kando ya nyambizi, kisha akashuka tena. Aliirudia safari hiyo zaidi ya mara moja. Alipokuwa juu na kuona maji yamefika kiwango cha hatari, aliwaita wenziwe wapande. Walikuwa wameanza kuja pale nyambizi ilipodidimia ghafla. Brown alijinasua. Fasson na Grazier walizama nayo, na miili yao haikupatikana.

Grazier alizaliwa Tamworth, mji mdogo katikati ya Uingereza. Alikuwa baharia wa kawaida, hakuwa na cheo cha kuamrisha mtu, na alikuwa ameoa mwaka huohuo.

Kilichookolewa na thamani yake

Ili kuelewa kwa nini watu watatu waliingia ndani ya chombo kinachozama kwa ajili ya karatasi, ni lazima kueleza hali ya vita vya baharini wakati huo.

Uingereza ni kisiwa. Chakula, mafuta na silaha zake zilifika kwa meli kupitia Bahari ya Atlantiki, na nyambizi za Ujerumani ziliwekwa njiani kuzizamisha. Nyambizi hizo zilipokea amri na kutoa taarifa kwa redio, lakini kila ujumbe ulifichwa kwanza kwa mashine iitwayo Enigma. Mashine hiyo ilikuwa na magurudumu ya kuzungusha ambayo yalibadilisha kila herufi kuwa nyingine, na mpangilio wake ulibadilishwa mara kwa mara. Aliyeunasa ujumbe bila kuujua mpangilio wa siku alipata herufi zisizo na maana.

Wataalamu wa Uingereza waliokusanyika Bletchley Park, kaskazini magharibi ya London, walikuwa wamefaulu kusoma sehemu ya ujumbe huo mwaka 1941. Kisha, tarehe 1 Februari 1942, nyambizi za Atlantiki zilianza kutumia mashine yenye gurudumu la nne, na kwa miezi 10 wataalamu hao wakawa kama vipofu. Meli ziliendelea kuzama na watu kufa.

Miongoni mwa vitu vilivyotolewa ndani ya U-559 vilikuwamo vitabu viwili vidogo vya misimbo, na kimoja kilihusu taarifa fupi za hali ya hewa. Huenda msomaji akauliza taarifa za upepo na mawingu zina siri gani. Jibu ni kwamba nyambizi zilipotuma taarifa hizo, gurudumu la nne liliwekwa mahali ambapo halikufanya kazi yoyote, na mashine ikarudi kuwa kama ile ya zamani. Mwenye kitabu cha misimbo aliweza kukisia maneno yaliyofichwa, na kwa kuyakisia akapata mpangilio wa magurudumu matatu ya kwanza. Kutoka hapo kulitafuta gurudumu la nne ilikuwa kazi nyepesi.

Vitabu hivyo vilifika Bletchley Park tarehe 24 Novemba 1942. Tarehe 13 Desemba mwaka huohuo, wataalamu walianza tena kuusoma ujumbe wa nyambizi za Atlantiki. Misafara ya meli ikaweza kuelekezwa mbali na mahali nyambizi zilipojificha.

Kwa nini Msalaba wa George?

Uingereza ina nishani mbili za ushujaa zilizo juu ya nyingine zote. Ya kwanza ni Msalaba wa Victoria, ulioanzishwa mwaka 1856, ambao hutolewa kwa ushujaa mbele ya adui. Ya pili ni Msalaba wa George, ulioanzishwa Septemba 1940, wakati miji ya Uingereza ilipokuwa ikipigwa mabomu kutoka angani. Huu hutolewa kwa raia, na pia kwa wanajeshi ambao ushujaa wao haukutendeka mbele ya adui. Kwa heshima, misalaba hiyo miwili iko sawa.

Katika mkasa wa U-559, Wajerumani walikuwa wamekwisha kuiacha nyambizi yao. Aliyewaua Fasson na Grazier alikuwa maji, hakuwa adui mwenye bunduki. Kwa hiyo sharti la Msalaba wa Victoria halikutimia. Inaelezwa pia kwamba wakuu walikuwa na hofu nyingine: Msalaba wa Victoria ungevuta macho ya majasusi wa Ujerumani, nao wangejiuliza baharia wawili walifanya nini hasa ndani ya nyambizi yao. Ikiwa Wajerumani wangeshuku kwamba vitabu vimetekwa, wangebadilisha kila kitu, na faida yote ingepotea.

Hapa pana kanuni moja ambayo wengi hawaijui. Kwa muda mrefu nishani za ushujaa za Uingereza zilikusudiwa walio hai. Hata Msalaba wa Victoria haukuanza kutolewa kwa marehemu mpaka mwanzoni mwa karne ya 20. Katika Vita Vikuu vya Pili, askari aliyekufa akitenda jambo la kishujaa aliweza kupewa mojawapo ya misalaba hiyo miwili, au kutajwa kwa heshima katika taarifa rasmi. Nishani zote za katikati, ambazo ndizo zilizopewa mashujaa wengi walio hai, zilikuwa zimefungwa kwake. Kanuni hiyo haikulegezwa hadi mwishoni mwa miaka ya 1970.

Matokeo yake yalikuwa ya ajabu. Watu wawili waliotenda tendo moja, mmoja akafa na mwingine akapona, hawakupimwa kwa mizani moja. Aliyepona angeweza kupata nishani ya daraja la kati. Aliyekufa, kama hakufikia kilele, alibaki na mstari mmoja katika taarifa, au bila chochote.

Kijana aliyekuwa mdogo kuliko nishani yake

Tommy Brown alipona, na kwa hiyo alipewa Medali ya George, iliyo chini ya Msalaba wa George. Lakini ushujaa wake ulimletea pia jambo ambalo hakulitaka: umri wake halisi ulijulikana. Alikuwa amedanganya ili akubaliwe kwenda baharini. Alirudishwa nyumbani Uingereza.

Mwezi Februari 1945, nyumba ya familia yake huko North Shields ilishika moto. Brown alikufa akijaribu kumwokoa dada yake mdogo. Alikuwa na umri wa miaka 18. Mwaka 1947, Mfalme George wa Sita aliikabidhi medali hiyo mikononi mwa mama yake. Kijana aliyetoka salama ndani ya nyambizi inayozama aliangamia kwa moto wa nyumbani kwao, na nishani aliyotunukiwa akiwa hai ikapokelewa na mzazi wake.

Kwa familia zote tatu, nishani ilifika bila maelezo. Habari za kusomwa kwa misimbo ya Ujerumani zilibaki kuwa siri ya serikali kwa karibu miaka 30 baada ya vita, na zilianza kujulikana kwa umma mwaka 1974. Kabla ya hapo, mjane wa Grazier na watu wa Tamworth walijua kwamba baharia wao alikufa kishujaa, lakini hawakuweza kujua kifo chake kilibadilisha nini. Mwaka 2002, mji huo ulizindua sanamu ya nanga tatu, kazi ya mchongaji Walenty Pytel, kuwakumbuka Grazier, Fasson na Brown kwa pamoja. Ilikuwa imepita miaka 60.

Petard yafika katika bahari yetu

Manowari Petard iliendelea na vita. Tarehe 15 Desemba 1942, ikiwa pamoja na manowari ya Ugiriki, iliiteka nyambizi ya Italia karibu na Malta, nayo ikazama ikivutwa bandarini. Nyambizi hiyo iliitwa Uarsciek. Msomaji wa Kisomali au wa Kibajuni atalitambua jina hilo mara moja: ni Warsheikh, mji wa pwani kaskazini mashariki ya Mogadishu, lililoandikwa kwa tahajia ya Kiitaliano. Italia ilikuwa imezipa nyambizi zake kadhaa majina ya miji ya Pembe ya Afrika.

Upande wa Bahari ya Hindi, vita vilikuwa vimepita tayari. Februari 1941, majeshi ya Jenerali Alan Cunningham yalivuka kutoka Kenya na kuingia Kismayu tarehe 14 mwezi huo. Baharini, manowari za Uingereza, mmojawapo ikiitwa Hawkins, zilikuwa zimeifunga njia na kuzikamata meli zilizojaribu kutoroka bandarini. Kwa visiwa vya Wabajuni, kutoka Kismayu hadi Ras Kiamboni, siku hizo zilikuwa mwisho wa utawala wa Italia na mwanzo wa utawala wa kijeshi wa Uingereza.

Miaka mitatu baadaye, Hawkins na Petard zilikutana katika kazi moja. Mwanzoni mwa Februari 1944, msafara wa meli tano za kubeba askari uliondoka Kilindini kuelekea Colombo, Ceylon, nchi ambayo leo ni Sri Lanka. Hawkins ilikuwa mlinzi, na karibu na mwisho wa safari manowari mbili, Petard na Paladin, ziliungana nayo.

Katika mojawapo ya meli hizo, Khedive Ismail, mlikuwamo watu 1,511. Karibu 1,000 kati yao walikuwa wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Wengine walikuwa mabaharia, wafanyakazi wa meli, wauguzi wa kike na wanawake wa vikosi vya usaidizi. Wapiga mizinga hao walikuwa wakienda kuungana na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye mwaka huo ilipigana na Wajapani katika misitu na matope ya Burma. Lugha iliyowaunganisha jeshini, watu wa makabila na makoloni mbalimbali, ilikuwa Kiswahili.

Saa nane na nusu mchana

Tarehe 12 Februari 1944, siku ya Jumamosi, msafara ulikuwa kusini ya visiwa vya Maldivi. Saa nane na nusu mchana hivi, nyambizi ya Japani, I-27, iliipiga Khedive Ismail kwa torpido mbili, yaani makombora yapitayo chini ya maji. Wengi walikuwa ndani, chini ya sitaha. Meli ilizama kwa muda usiotimia dakika mbili.

Muda huo hautoshi mtu kutoka kitandani, kuvaa koti la kuokolea maisha na kupanda ngazi mbili. Ndiyo sababu walionusurika walikuwa 214 tu. Kati ya waliokufa walikuwamo wanawake 77, idadi kubwa kuliko yote ya wanawake wa huduma za kijeshi wa Jumuiya ya Madola kufa katika tukio moja.

Kilichofuata ni sehemu ngumu kuliko zote. I-27 ilijificha chini ya mahali palepale ambapo walionusurika walikuwa wakielea, wameshikilia mbao na maboya. Petard na Paladin zilikabiliwa na uamuzi usio na upande mwema. Kama zingengoja kuwaokoa watu wote kwanza, nyambizi ingeweza kuzipiga meli nne zilizobaki, zilizojaa maelfu ya askari wengine. Kama zingeishambulia, mabomu ya chini ya maji yangewaua waliokuwa wakingoja kuokolewa.

Mabomu yaliangushwa. Paladin ilijitahidi kuwaopoa watu kwa mashua, na baadaye ikaumia ilipoikaribia nyambizi kwa nia ya kuigonga. Baada ya mapambano ya zaidi ya saa mbili, Petard iliizamisha I-27 kwa torpido. Kwa tendo hilo ikawa manowari iliyoangamiza nyambizi za mataifa yote matatu yaliyopigana na Washirika: Ujerumani, Italia na Japani.

Manowari ileile iliyokuwa imempeleka Grazier kufa kwa ajili ya vitabu vinavyookoa maisha ya mabaharia, sasa ililazimika kuwapiga waliokuwa majini ili kuwaokoa waliokuwa melini. Hakuna anayeweza kusema kwa yakini ni wangapi walikufa kwa torpido na wangapi kwa mabomu yaliyokusudiwa kwa adui.

Majina yaliyoko Nairobi

Katika Makaburi ya Vita ya Nairobi pana ukumbusho wa askari wa Afrika Mashariki ambao hawana kaburi linalojulikana. Humo wamo waliokufa katika safari ya kivita kupitia Somalia hadi Ethiopia, waliokufa Madagaska, na pia askari wa Kikosi cha 301 waliozama na Khedive Ismail.

Humohumo limo jina la Sajini Nigel Leakey, wa Kikosi cha King's African Rifles. Leakey aliuawa Mei 1941 huko Colito, Ethiopia, baada ya kurukia vifaru vya Italia na kuwashambulia waliokuwa ndani. Mwili wake haukupatikana. Alitunukiwa Msalaba wa Victoria baada ya kufa, na tangazo lilitoka Novemba 1945.

Hivyo ukumbusho mmoja unabeba aina mbili za kifo. Leakey ana jina na nishani. Wapiga mizinga wa Khedive Ismail wana majina tu. Tofauti hiyo haina maana kwamba mmoja alikuwa jasiri na wengine hawakuwa. Ili nishani ya ushujaa itolewe, lazima tendo lionekane, shahidi aliyepona alieleze, afisa aliandike, na wakuu walikubali. Ndani ya dakika mbili, chini ya sitaha, gizani, meli ikiinama, huenda mtu alimsukuma mwenziwe juu ya ngazi na yeye akabaki. Huenda mwingine alimpa mtu koti lake la kuokolea maisha. Aliyeona alizama pia. Bila shahidi hapana taarifa, na bila taarifa hapana nishani. Hata kama shahidi angepona, ile kanuni iliyofungia marehemu nishani za kati ingeuacha ushujaa huo bila jina, isipokuwa ungefikia kilele.

Nishani hupima nini?

Habari za Grazier zinaonyesha kwamba hata tendo lililoshuhudiwa na kuandikwa linaweza kukosa maana kwa miongo mitatu, mradi dola imeamua kunyamaza. Tommy Brown alipona, na ndiye aliyeeleza yaliyotokea ndani ya nyambizi. Kama naye angezama, yaliyotendeka kule chini yasingejulikana kwa yeyote. Nishani mbili za juu kabisa zinategemea ushahidi wa kijana wa miaka 16 aliyekuwa akiuza sigara.

Watu wa pwani ya Wabajuni wanazijua habari za bahari isiyorudisha watu. Jamii za Chula na visiwa jirani zimeishi kwa uvuvi na usafiri wa majahazi kwa vizazi vingi, na tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1991 wengi wao wametawanyika Mombasa, Malindi, Lamu na mbali zaidi ya hapo, baadhi wakikimbia kwa mashua zilizojaa kupita kiasi. Katika mafundisho ya Uislamu, aliyekufa maji huhesabiwa miongoni mwa mashahidi, na asiyepatikana huweza kusaliwa akiwa ghaibu. Sala hiyo haihitaji mwili, wala afisa wa kuandika taarifa. Inahitaji mtu anayemjua marehemu kwa jina na anayesema kwamba hakurudi.

Ndivyo pia ilivyokuwa Tamworth. Mji ule haukuweka nanga zake tatu kwa sababu ya amri ya jeshi. Wenyeji na gazeti lao ndio waliolirudia jina la Grazier mpaka likasikika. Kwa askari wa Khedive Ismail, majina yamehifadhiwa Nairobi, lakini jina lililochongwa bila mtu wa kulisoma hunyamaza. Walitoka Kenya na nchi jirani, nao walikuwa wana wa watu. Familia nyingi zilibaki na habari moja tu: kijana alikwenda vitani, akapanda meli, hakurejea.

Bado wapo wajukuu wa askari hao katika Afrika Mashariki na ughaibuni. Mwenye babu aliyekwenda vitani miaka hiyo na hakurudi anaweza kulitafuta jina lake katika orodha za Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo hutunza kumbukumbu ya ukumbusho wa Nairobi na mingine duniani. Utafutaji huo huanza kwa jina, nambari ya jeshi kama ipo, na kikosi alichotumikia. Kwa aliyezama tarehe 12 Februari 1944, kikosi hicho huenda kikawa cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, na kaburi lake ni bahari ileile inayopiga fukwe za Chula.